Kuvuka Barabara ya Digo

Tulishuka Mwembe Tayari na masweta mwilini,
baridi ya Wundanyi bado imejikunja mifukoni,
na Mwakio akasema, "Hili si jua, hili ni deni,"
akalivua lake, akalifunga kiunoni kama mtoto wa shule.

Mji ulikuwa umeamka zamani. Haukutungoja.
Mkokoteni wa maji ukatujia, mitungi ya manjano tele,
msukumaji akipaza, "Mguu, mama! Mguu!"
nami nikainama kutazama mguu wangu umekosa nini.

Kisha barabara ya Digo.
Kwetu barabara huivuki, unaiamkia tu,
unasimama katikati, unaulizwa habari za maharagwe.
Hapa tuktuk zilimiminika kama siafu waliomwagiwa maji,
pikipiki imebeba godoro, na juu ya godoro mtu,
na mtu huyo anaongea na simu.
Tukasimama ukingoni hadi jasho likatufahamu.
Mara ajuza wa buibui, ndizi mbivu kikapuni,
akaingia katikati bila kugeuza shingo.
"Nifuateni," akasema. "Musiyatizame usoni,
yatajua mwaogopa."

Hapo ndipo Mwakio aliponishika mkono.
Miaka kumi na tisa ya ndoa, watoto watatu,
hajawahi kunishika mkono mbele ya watu.
Kwetu mkono wa mke hushikwa akiugua.
Tulipofika ng'ambo nilingoja auachilie.
Hakuuachilia.
Nikajifanya nimesahau kuwa ni wangu.

Siku ya pili tulipotea Mji wa Kale,
tukaupita mlango mmoja wenye misumari ya shaba
mara tatu, kila mara tukiusifu upya.
Mtoto aliyekaa barazani akatuuliza,
"Mushapotea tena?"
akatupa buyu mojamoja, jekundu, la kutia midomo aibu.
Mbele kidogo Mwakio aliomba maziwa kwenye kahawa chungu.
Muuza kahawa alimtazama
kama mtu aliyeombwa ng'ombe mzima.

Siku ya tatu, Mtaa wa Biashara.
Leso zimetundikwa hata mbingu haina pa kuchungulia.
Mwakio miwani ameisahau chumbani.
Akachagua kwa rangi: zambarau, pindo la machungwa,
akalipa bila kubembeleza bei, akanikabidhi
kama anayekabidhi hati ya shamba.
Sikuisoma. Nilikuwa namsoma yeye.

Ni Bi Mishi, mwenye nyumba wetu wa Majengo,
aliyeikunjua uani mbele ya wapangaji wote,
akasoma kwa sauti ya kuadhini:
UTANUNA HADI LINI, WANGU KWANGU HABANDUKI.
Akacheka hadi akashika ukuta.
"Mghoi mwanangu, una siku tatu mjini,
ushapata mke mwenza wa kumrushia maneno?"
Mpangaji wa chumba cha nne akaufunga mlango wake kwa kishindo.
Mpaka leo hanisalimii.

Jumatatu Mwakio ataanza kazi ghalani Shimanzi,
kupima magunia ya chai iliyoota kwenye baridi kama yetu.
Mimi sijui bado nitapima nini.
Najua duka la mahamri, najua bomba linalotoa maji ya chumvi,
najua kuvuka, nikiwa na mtu.

Leso huuzwa mbili zikiwa moja.
Unaikata kati, unaipinda, moja ya kiuno, moja ya kichwa.
Bi Mishi ameniazima mkasi tangu juzi.
Uko dirishani. Sijaikata.
Usiku joto likikataa shuka, tunajifunika hiyo,
ndefu ya kututosha wawili, maneno yameandikwa mara mbili,
mara moja juu ya kila mmoja wetu.

Feni inazunguka kwa kusitasita.
Alfajiri, chini ya dirisha, magurudumu,
maji yakigongana mitungini, na ile sauti:
"Mguu! Mguu!"
Nami katikati ya usingizi nikauvuta wangu,
ukagusa wake.